Maduara Matatu ya Mjomba Simeo

Chanika, Handeni
6 Aprili 2025

Shangazi yangu Paulina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limetulia tangu mvua zianze. Mimi sijambo, ila vumbi la mafaili ya masjala limenipa kikohozi. Mama Namelok, mwenye nyumba wangu, ananipa maziwa ya moto kila asubuhi na kunisimanga kwamba karani mzima nakohoa kama ndama.

Baba ameniambia kuwa unafunga duka la vioo mwisho wa Juni na kurudi Bungu. Najua umelibeba peke yako miaka mitatu hii tangu mumeo, Mjomba Simeo, afariki, kwa hiyo sina la kusema ila pole na hongera kwa pamoja.

Nina ombi, na tafadhali usinipigie simu kulijibu. Ukipiga utanifokea, nami nitakubali lolote utakalosema, halafu nitajuta. Kwenye karatasi najitahidi kuwa mtu.

Lile daftari la bluu la Mjomba ulilonipa baada ya arobaini nimelisoma hadi kurasa zimelegea. Ndani yake ameeleza jinsi ya kutengeneza darubini ya kutazamia mwezi na sayari. Moyo wake ni kioo kinene cha duara ambacho uso wake umesagwa ukawa bonde la kina kidogo sana, kama sahani. Ili kupata kioo hicho kimoja yanahitajika maduara mawili yanayolingana, upana wa sentimita kumi na tano. Moja linalazwa chini, jingine linasuguliwa juu yake kwa maji na unga wa kusagia, mpaka la juu liwe bonde na la chini liwe kilima.

Ameandika pia kwamba kile kipande kirefu cha kioo kinene kilichoegemea ukuta wa nyuma kinatosha maduara matatu. Mashine ya kuyakatia aliijenga mwenyewe na kuifunga kwenye ile meza ya saruji. Duka likivunjwa, mashine nayo imekwenda. Je, unaweza kumtafuta fundi akakata kabla ya Juni kuisha? Mimi ruhusa ya kazini ni ngumu kupata.

Shangazi, kila kitu nilichowahi kukimaliza maishani niliagizwa na mkubwa. Hiki hakuna aliyeniagiza. Nataka kukimaliza.

Mwanao,
Gregori


Manundu, Korogwe
11 Aprili 2025

Gregori,

Marahaba. Goti linauma kama ilivyo desturi yake, mengine yote mazima. Kunywa hayo maziwa bila kubishana.

“Ruhusa ni ngumu.” Umeiomba? Handeni na Korogwe ni safari ya asubuhi tu.

Fundi wa kukata duara hayupo. Nimemwuliza Godfrey wa madirisha ya alumini, akacheka: “Mama, mimi nanyoosha, sizungushi.” Mwingine akanishauri nipeleke Tanga. Kioo cha Simeo hakiendi Tanga.

Kile kioo kingine kikubwa kinene anakichukua Mhina wa bucha kwa ajili ya kaunta yake. Atakuja na mkokoteni tarehe thelathini Juni asubuhi. Alikitaka na kipande kirefu, nikamkatalia. “Cha nini hicho, mama?” Nikamwambia cha kuchungulia mwezi. Akafuta kisu chake, akasema: “Na mwezi nao una nyama?”

Basi nitakata mimi. Nusu ya madirisha ya Manundu yamepita mikononi mwangu. Duara sijawahi, lakini mashine niliiona ikijengwa, na mkono wa kuzungusha ninao. Daftari unalo wewe, kwa hiyo niandikie namna. Andika kama unamwandikia mtu mwenye kazi nyingi.

Ungekuja mwenyewe ingekuwa rahisi zaidi. Nimesema hilo mara moja, sirudii.

Shangazi yako,
Paulina


Chanika, Handeni
17 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu goti likupe nafuu. Mimi kikohozi kimepungua.

YAH: UKATAJI WA MADUARA YA KIOO

Nakushukuru kwa kukubali. Maelekezo ni kama ifuatavyo.

1. Mashine ni kopo la chuma lenye meno mdomoni, lililofungwa chini ya mhimili wa baiskeli. Ukizungusha mkono wake, kopo linazunguka juu ya kioo. Ujue kwamba kopo lenyewe halikati. Kinachokata ni unga mweusi unaobiringika chini ya mdomo wake.

2. Laza kioo mezani. Zungushia ukingo wa udongo wa mfinyanzi ili maji na unga visikimbie.

3. Zungusha polepole bila kukandamiza. Kila baada ya mizunguko ishirini inua kopo, ili unga mpya uingie.

4. Kuhusu usalama wa macho na vidole, rejea Kiambatisho A (kurasa mbili).

5. Kuhusu kupata unga kwa mafundi gereji, ule wanaosagia valvu, rejea Kiambatisho B.

6. Kuhusu maandalizi ya upande wa chini wa kioo, rejea Kiambatisho C. Nta ya nyuki, kilo moja, imo ndani ya kifurushi.

7. Kuhusu mambo yanayoweza kuharibika, rejea Kiambatisho D (kurasa nne).

Viambatisho vyote nimeviweka katika bahasha ya pili. Tafadhali, tafadhali, usijikate.

Mwanao,
Gregori


Manundu, Korogwe
9 Mei 2025

Gregori,

Salamu baadaye. Duara la kwanza limekufa.

Nimezungusha siku tatu. Majirani walizoea ule mlio, wakasema mama wa vioo amenunua mashine ya kusaga mahindi ya mawe. Siku ya kwanza niliona mfereji kama mstari wa penseli. Siku ya pili kidole kiliingia hadi kwenye ukucha. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mlio ukabadilika ukawa mwembamba, nikajua tumebakiza unene wa karatasi. Nikafurahi. Nikazungusha mara mbili tu, kikasema tak! Duara likabanduka na kuacha upande wa chini kipande kikubwa kama kiganja changu, chenye mawimbi kama ganda la konokono. Halifai hata kukandamizia karatasi zako.

Nikakaa chini. Kisha nikaitafuta ile bahasha ya pili.

Gregori, nilipoona “Kiambatisho” nilijua ni mambo ya ofisi. Cha A nilifungia kioo cha picha ya harusi ya watu. Cha C nilikikuta, na ndicho kinachosema nigandishe kioo cha kawaida chini yake kwa nta kabla ya kuanza. Nta! Mimi nilidhani umeniletea zawadi. Nimeipaka droo zote zilizokuwa zinakwama, zinateleza kama zimelainishwa na malaika, na iliyobaki nimempa Glory wa kwaya atengenezee mishumaa.

Tahadhari za macho umeziandikia kurasa mbili, na mimi macho haya nimeyalinda tangu hujazaliwa. Jambo ambalo bila hilo kazi yote inavunjika ukaliweka namba sita, nalo ukaliambia likae nje.

Yamebaki mawili. Na darubini inataka mawili.

Shangazi yako,
Paulina


Chanika, Handeni
13 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa siku tatu za mkono wako.

Nimeisoma barua yako nimesimama. Kosa ni langu. Niliogopa utaumia, nikaupa kila woga wangu ukurasa, mpaka kazi yenyewe ikakosa nafasi.

Jambo ni moja: usianze kuzungusha kabla hujakigandisha kioo chetu juu ya kioo cha dirisha kwa nta iliyoyeyushwa, pasipo nafasi ya hewa katikati. Kopo linapofika chini lisikute utupu. Likute kioo kingine, liendelee kukata. Kitakachopasuka ni cha dirisha.

Nta hii nyingine si zawadi.

Sina kiambatisho.

Mwanao,
Gregori


Chanika, Handeni
29 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ni siku kumi na sita sijapata neno. Nimemwuliza kondakta wa basi, anasema kifurushi alikukabidhi mkononi. Kama duara la pili nalo limevunjika, niambie tu. Kama umeumia, niambie kwanza hilo.

Mama Namelok ameniona nikitembea uani huku na huko, akauliza: “Karani, umeposa?” Nikamwambia nasubiri kioo. Akasema afadhali ningekuwa nimeposa.

Mwanao,
Gregori


Manundu, Korogwe
2 Juni 2025

Gregori,

Marahaba zote mbili, ya barua na ya woga. Sijaumia. Nilikuwa nimelala siku nne kwa ajili ya bega.

Limetoka. Niliyeyusha nta kwenye sufuria ya chai, nikagandisha kama ulivyosema, na safari hii mlio ulipokuwa mwembamba sikufurahi, niliendelea tu hadi nilipoona unga wa kioo cha dirisha. Nikapasha moto, nta ikaachia, nikalipokea. Ukingo wake ni wa kijani kama maji ya Pangani yakitulia. Limekaa mezani kama maji yaliyokataa kumwagika. Nimelipima kila upande: sentimita kumi na tano, hakuna ufa, hakuna kibanzi. Nililifunika kwa kitenge changu cha kanisani.

Sasa nisikilize. Duara la tatu nimeligandisha tayari. Ukingo wa udongo nimeujenga, kopo limekaa mahali pake, unga upo. Sizungushi. Bega limefika mwisho wake, na hata lingekuwa zima nisingezungusha. Moja nimekata mimi. Jingine ni lako.

Na kuna jambo la pili. Mhina atakuja tarehe thelathini peke yake, maana yule mwenzake kahamia Segera. Atashika mkokoteni. Kile kioo kikubwa kinabebwa na watu wawili kutoka nyuma hadi barabarani, na mimi ni mmoja.

Shangazi yako,
Paulina


Chanika, Handeni
8 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini bega limepoa. Nimeandika barua hii mara tano, na hii ndiyo fupi kuliko zote.

Nilikudanganya kuhusu ruhusa. Sijawahi kuiomba. Ninaogopa kushika kioo.

Unakumbuka Januari ya 2017, nilipokuwa nangojea matokeo ya kidato cha nne na kushinda dukani kwenu? Unakumbuka kioo kile kinene cha duka la vitambaa? Unajua ilivyotokea, lakini hujui yote. Desturi ya duka nilifundishwa siku ya kwanza: anayetoa kioo huuliza “Umeshika?”, anayepokea hujibu “Nimeshika”, na kabla ya jibu hilo hakuna anayelegeza kidole. Mjomba aliniuliza. Nikajibu “Nimeshika.” Nilikuwa sijashika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado unatafuta ukingo. Asubuhi ile alikuwa ameniambia mara mbili kwamba mimi ni mzito, nikaogopa kuambiwa mara ya tatu. Kwa hiyo nikasema neno ambalo halikuwa kweli, naye akaliamini, akalegeza ili abadilishe mshiko.

Mimi sikupata hata mchubuko. Yeye vidole viwili havikukunjika tena. Fundi aliyekuwa akikata mstari kwa jicho tu, baada ya hapo almasi ya kukatia ilikuwa inamcheza mkononi kama kalamu ya mtoto. Nilikwenda chuo, nikachagua karatasi, kwa sababu karatasi ikianguka inaokotwa.

Siwezi kubeba kile kioo, Shangazi. Nakuomba umlipe mtu.

Mwanao,
Gregori


Manundu, Korogwe
12 Juni 2025

Gregori mwanangu,

Marahaba. Bega linaendelea.

Ulidhani sijui. Siku ile ile, pale hospitali, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, Simeo aliniambia: “Kijana alisema ameshika, na hakuwa ameshika.” Nikamwuliza: “Na wewe ulitazama vidole vyake, au ulisikiliza mdomo wake?” Fundi mwenye miaka ishirini na mbili kazini. Nikamwambia nusu ni ya kijana na nusu ni yako, na tangu siku hiyo hatukuigawa upya. Yako ni nusu. Sikupunguzii, na usijiongezee.

Sasa nikuambie usiloliona katika daftari, maana yeye hakuwa mtu wa kuandika mambo ya moyo. Tazama tarehe ya ukurasa wa kwanza. Ni Juni 2017. Kabla ya hapo Simeo hakuwa na habari na duara. Mstari ulipomkataa, akakaa miezi akiutazama mkono wake. Kisha akasema mstari unataka kidole, duara linataka subira tu. Akanyang’anya baiskeli yake mhimili, tukatembea kwa miguu mwaka mzima. Alikata vioo vya saa za ukutani, vya taa, vya meza ndogo. Darubini ilikuwa ndiyo safari yake ya mwisho, nayo maradhi yakamwahi.

Na kile kioo cha duka la vitambaa hakikutupwa. Kilipasuka vipande viwili. Kikubwa ndicho anachokichukua Mhina. Kirefu ndicho tunachokikata.

Simlipi mtu. Usipokuja, Mhina nitamwambia akiache hapo hapo, na mwenye jengo akivunje atakapovunja meza. Duara la tatu litavunjika nalo likiwa limegandishwa. Utabaki na moja langu, ulitumie kufunikia kikombe.

Basi la kwanza kutoka Handeni unalijua.

Shangazi yako,
Paulina


Chanika, Handeni
17 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa tarehe 27 na Jumatatu tarehe 30. Niliandika nakala tatu. Bi. Catherine, mkuu wangu wa masjala, alisoma, akanitazama juu ya miwani, akasema: “Gregori, miaka miwili hujaomba hata siku moja. Nilikuwa nadhani siku ukifa utaleta barua ya kuniomba kwanza.” Akasaini.

Nakuja. Ninaogopa vile vile, lakini nakuja.

Mwanao,
Gregori


Chanika, Handeni
10 Agosti 2025

Kwa Shangazi Paulina, Bungu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko juu haijaligusa goti, na kwamba umelipata lile blanketi nililomkabidhi Baba. Huku jua limeshaanza kukausha majani. Kikohozi kimeisha, nadhani kwa sababu kila asubuhi kabla ya kazi niko nje kwenye hewa.

Hatujaandikiana tangu tuagane, na sikuona haja, maana kila kitu kilitokea mbele ya macho yako: siku tatu za kuzungusha, ulivyokaa kwenye kigoda nyuma yangu ukimenya viazi na kusema “inua kopo” kabla sijakumbuka, na ulivyonikataza kushangilia mlio ulipobadilika. Kile kibanzi cha upana wa ukucha ukingoni mwa duara langu bado kinaniuma kidogo. Hakidhuru kazi. Langu nimelilaza chini, ndilo litakalokuwa kilima. Lako lipo juu, na lako ndilo litakuwa kioo cha darubini.

Jambo moja hukuliona, kwa hiyo nakuandikia. Asubuhi ya Jumatatu, tulipokiinua kile kioo kikubwa, uliniuliza “Umeshika?” nami nikakawia. Ukang’aka: “Unangoja nini, treni?” Na Mhina kule nje akapiga kelele kwamba nyama yake haingoji harusi. Nilikuwa nahesabu vidole, Shangazi. Nilivihesabu kimoja kimoja, vinne vya kulia, vinne vya kushoto, kisha vidole gumba. Nilisikia mnaniona mzito. Nikamaliza kuhesabu. Ndipo nikajibu. Na ulipokuwa unasubiri, niliona nawe unatazama mikono yangu, hukuwa unatazama uso.

Maduara niliyabeba mapajani hadi Handeni, moja ndani ya kitenge chako, jingine ndani ya koti langu la kazi. Kondakta alitaka kuyaweka kwenye buti. Nilimwambia hapana. Sikumbuki lini nilimwambia mtu hapana kwa sauti.

Sasa nimepata pipa, nimelijaza mchanga lisitikisike, na duara la chini nimelifunga juu yake kwa vigingi vitatu. Ninasaga huku nikitembea kulizunguka pipa, ili kioo kisiliwe upande mmoja. Nasukuma mbele, navuta nyuma, nasogea hatua. Katikati ya duara la juu pameshaanza kushuka. Nikiweka rula juu yake na kutazama kwa upande, mwanga unapita chini ya rula mwembamba kama uzi. Kusaga kwa unga laini na kung’arisha ni hadi Novemba, na kuupaka uso wake fedha ili uakisi mwanga ni mwakani. Lakini daftari linasema mwezi unang’aa kiasi kwamba kioo kitupu kinatosha kuuonyesha. Krismasi nakuja nayo Bungu, hata kama bomba lake litakuwa la mbao za kreti. Wewe utakuwa wa kwanza kuweka jicho.

Mama Namelok amezoea, ila jana alishindwa kuvumilia. Alikuja na kibuyu cha maziwa, akasimama. “Karani, unasaga nini siku zote hizi?”

“Kioo, mama.”

“Utakila?”

“Nitakitazamia mwezi.”

“Mwezi mimi nauona bila kusaga.” Kisha akaweka kibuyu chini, akanyoosha mikono. “Nipe nione.”

Nikalisuuza duara lako, nikalifuta, nikamnyooshea. Nikamwuliza: “Umeshika?”

“Nimeshika,” akasema upesi, macho yake yako kwenye ule ukingo wa kijani.

Nikatazama vidole. Vilikuwa na maziwa, na vya mkono wa kushoto vilikuwa bado hewani.

“Karani, mbona huachii?”

“Bado hujashika, mama,” nikamwambia. “Kausha mikono kwanza. Sina haraka.”

Akacheka, akajifuta kwenye shuka lake, akarudisha mikono. Nikasubiri.

Mwanao,
Gregori